Bwana Nyama Hawezi Kulinda Pori Peke Yake

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Katika vijiji vingi vya kusini mwa Tanzania, kutoka Rufiji hadi Tunduru, mtumishi wa Serikali anayeshughulika na wanyama wa porini amekuwa akiitwa kwa jina moja tangu enzi za mababu: Bwana Nyama. Vyeo vyake vimebadilika mara nyingi. Amekuwa Askari wa Idara ya Wanyama, amekuwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, amekuwa Mhifadhi. Na tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020 ni mtumishi wa Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, mwenye cheo begani na mwenye kupiga saluti. Hata hivyo, kwa wazee jina ni lile lile. Tembo akivamia shamba la mahindi usiku, kijana hutumwa mbio kwa mwenyekiti wa kijiji, na ujumbe anaoupeleka ni ule ule wa zamani: aitwe Bwana Nyama.

Jina hilo lina utani ndani yake, lakini lina hoja pia. Mwanakijiji anasema hivi: kama wanyama wana bwana wao, basi na madhara yao yamwendee huyo bwana. Mtu aliyeliwa mbuzi wake na chui haulizi kifungu cha sheria. Anauliza mwenye chui yuko wapi. Naye Bwana Nyama, anayefika asubuhi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, hana chui hata mmoja. Ana bunduki aliyoitilia sahihi, jozi ya buti, na eneo ambalo kulizunguka kwa miguu kungemchukua miezi.

Yafaa historia ya kazi hii ikumbukwe, maana mengi yanayomkuta mtumishi huyu leo hayakuanza leo. Wajerumani walitoa sheria ya uwindaji mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann. Uwindaji ukawa jambo la leseni. Mzee aliyekuwa akiitafutia nyumba yake kitoweo kwa mtego na mshale aliamka siku moja akakuta kwamba yeye ni mhalifu, ilhali mgeni mwenye bunduki na fedha ya leseni aliendelea kuitwa mwindaji. Kilichomtenga mwindaji na jangili kilikuwa kipande cha karatasi. Chuki iliyozaliwa hapo waliirithi Waingereza walipoanzisha Idara ya Wanyama mwaka 1919, na sehemu yake ikarithiwa na Serikali ya wananchi wenyewe.

Ajabu ni kwamba Idara ile ya kikoloni, pamoja na dhuluma ya utawala wenyewe, ilikuwa na kazi moja ambayo mwanakijiji aliielewa vizuri. Sehemu kubwa ya kazi ya askari wake ilikuwa kulinda mashamba. Katika wilaya za kusini tembo waliuawa kwa maelfu ili mihogo na mahindi ya watu yasalimike. Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyekaa Liwale kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1930, na ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa jinsi alivyowapenda wadudu hao, aliongoza kazi hiyo. Lakini waliotembea kijiji hadi kijiji na kusimama mbele ya tembo usiku walikuwa askari Waafrika, ambao vitabu havikujishughulisha sana na majina yao. Katika miaka ya 1940 Serikali hiyo hiyo iliwahamisha watu wengi wa Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Kwa hiyo afisa anayekaa na wazee wa Liwale kuzungumzia mpaka wa pori ajue kwamba kwa wazee hao mazungumzo ni juu ya makaburi ya babu zao.

Uhuru ulipokaribia, watu wengi huko Ulaya waliamini kwamba Waafrika wakijitawala wanyama watakwisha. Jibu lilitolewa Arusha mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, pale Mwalimu Julius Nyerere alipotoa tamko kwamba serikali ya Tanganyika inaukubali wajibu wa kuwahifadhi wanyama hao, na akaeleza waziwazi kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu, watu waliofunzwa na fedha. Tamko halikubaki maneno. Chuo cha Mweka kilifunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1963 kuwafunza maofisa, na Pasiansi, Mwanza, ikaanza kuwafunza askari mwaka 1966. Wataalamu na watu waliofunzwa wakapatikana. Kilichokuwa kigumu, na ambacho kimeendelea kuwa kigumu, ni hicho cha tatu, pamoja na cha nne ambacho hakikutajwa sana: imani ya wananchi wanaopakana na pori.

Selous yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Pori hilo, lililopewa jina la mwindaji Mwingereza Frederick Selous aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwezi Januari 1917, lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi kabla sehemu yake kubwa haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ni eneo linaloizidi nchi nzima ya Uswisi. Mwaka 1976 tembo wake walikadiriwa kuwa kama 110,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Ndipo Serikali ilipoanzisha Operesheni Uhai, mwezi Juni 1989, ikawaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimama kidete katika mkutano wa kimataifa wa Lausanne hadi biashara ya meno ya tembo ikapigwa marufuku. Tembo wakaanza kurudi. Mwaka 2006 Selous ilihesabiwa kuwa na tembo kama 70,000. Wengi wakadhani kazi imekwisha. Mwaka 2013 hesabu ikafanywa tena: katika Selous na Mikumi kwa pamoja walikuwepo kama 13,000 tu. Kwa nchi nzima, tembo walipungua kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na mwaka huo wa 2014 Selous ikaingizwa katika orodha ya maeneo ya urithi wa dunia yaliyo hatarini.

Hapana budi mtu aulize: katika miaka ile saba askari walikuwa wapi?

Walikuwepo. Walikuwa wale wale, au wanafunzi wa wale wale, walioshuhudia tembo wakiongezeka. Lakini mambo mawili yalikuwa yamebadilika. La kwanza ni fedha. Kuanzia mwaka 1994 Selous iliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, ikayatumia kununua mafuta, vipuri, sare na chakula cha doria. Katikati ya miaka ya 2000 utaratibu huo ulisitishwa, mapato yakaelekea Hazina, na yaliyorudi porini yakawa kidogo. Haikuwapo hila yoyote katika uamuzi huo. Mtu aliyeketi mezani mjini aliona fedha nyingi mahali pasipo na watu, akaona afadhali ziende kwenye mahitaji mengine. Huenda hakuwa amewahi kuona doria inavyofanyika.

Doria hufanyika hivi. Askari sita au saba hushushwa na gari mahali ambapo barabara inakoma. Wamebeba unga, maharage, dagaa, chumvi, sufuria moja, turubai na risasi zilizohesabiwa. Hutembea siku kumi, na pengine zaidi, wakiumwa na mbung'o mchana na mbu usiku. Mahali wanapohisi kuna watu hawawashi moto. Hula unga mkavu na maji. Wakati wa masika mito hufurika, na aliyekutwa ng'ambo hubaki ng'ambo. Macho yao hayatafuti tembo. Hutafuta alama ya kandambili kwenye matope, jivu lililofukiwa, tawi lililokatwa kwa panga, au tai wanaozunguka mahali pamoja. Wakipata nyayo huzifuata, na mwisho wa nyayo hizo kuna mtu ambaye naye ana bunduki, pengine nzuri kuliko zao. Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, majangili walimpiga risasi rubani Mwingereza Roger Gower akiwa angani ndani ya helikopta ya doria, akafa. Kama helikopta iliweza kulengwa, mtu atembeaye kwa miguu majanini ana kinga gani?

Sasa gari lenye kuwashusha askari hao likikosa matairi, doria haivunjwi kwa tangazo. Inafupishwa tu. Ya siku kumi inakuwa ya siku tatu, ya siku tatu inakuwa ya kuzunguka kituo. Taarifa ya mwezi huandikwa kwamba doria zimefanyika, na ni kweli zimefanyika. Jangili ndiye wa kwanza kutambua kwamba sehemu za ndani hazifikiwi tena. Mkuu wa idara hutambua miaka mitano baadaye, hesabu inapofanywa kwa ndege.

Jambo la pili lililobadilika ni gumu zaidi kulieleza kwa tarakimu. Jangili wa meno ya tembo haanguki kutoka angani. Amelala katika kijiji fulani, amenunua unga katika duka fulani, ameonyeshwa njia na kijana fulani anayeyajua mabwawa. Meno yenyewe, kabla ya kufika mjini, yamefichwa nyuma ya nyumba fulani au yamefukiwa katika shamba fulani. Hapo juu wapo wenye mitaji. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu mfanyabiashara Mchina, Yang Fenglan, kifungo cha miaka 15 pamoja na Watanzania wawili, na ilikuwa sawa kabisa wenye mitaji wafikiwe. Hata hivyo katika kila hatua kabla ya mjini wapo wanakijiji wanaojua. Askari mia moja hawawezi kuziba njia zote za Selous. Lakini mama anayechota maji asubuhi na kuwaona wageni watatu wenye mizigo mizito anaweza kusema neno moja likatosha. Ama anaweza kunyamaza. Atasema au atanyamaza kwa kutegemea jambo moja: mara ya mwisho alipomwona Bwana Nyama, aliletewa nini?

Hilo ndilo kosa la Operesheni Tokomeza. Ilianza mwezi Oktoba 2013, na lengo lake halikuwa baya, maana tembo walikuwa wakichinjwa kila siku. Lakini wananchi walipigwa, walidhalilishwa, mifugo yao ikapotea, na wapo waliopoteza maisha. Operesheni ilisimamishwa mwezi uliofuata, Kamati ya Bunge ikachunguza, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Wengi huishia hapo wakisimulia habari hiyo, kwenye mawaziri. Hasara iliyodumu ilibaki vijijini. Afisa Wanyamapori aliyekuwa amejenga urafiki na wazee wa kijiji kwa muda wa miaka kumi alirudi baada ya operesheni akakuta wazee wanazungumzia mvua. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumwambia mambo.

Wapo watumishi wanaodhani kwamba uungwana kwa mwananchi ni kinyume cha ukali kwa jangili. Si kweli hata kidogo. Huko kusini, tangu miaka ya mwisho ya 1980, vijiji vilivyoizunguka Selous vilianza kuchagua vijana wao kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, na katika Chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, vijana hao hufunzwa kusoma ramani, kuandika taarifa, kukamata bila kupiga. Vijiji vikatenga ardhi kwa ajili ya wanyama, na baada ya Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 vikaweza kuunda Jumuiya za Hifadhi, kama ile ya Mbarang'andu. Vijana hawa hulipwa kidogo, na mara nyingine hawalipwi kwa miezi. Lakini jangili anayeingia katika eneo lao anaingia mbele ya watu wanaomjua kwa sura na kwa jina la baba yake. Ni kizuizi kikubwa kuliko bunduki, na ni aibu kwamba posho ya vijana hao huwa ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Mwanakijiji naye ana haki ya kudai jambo. Ulinzi anaoombwa kuutoa kwa tembo, yeye mwenyewe anaupata kutoka kwa nani?

Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania na kujeruhi wengine zaidi ya 300, wengi wao katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Pwani. Wataalamu waliochunguza vifo hivyo waligundua jambo ambalo wakulima wangeweza kuwaambia tangu siku ya kwanza. Simba walikuwa wakiwafuata nguruwe mwitu. Nguruwe huingia mashambani mazao yanapokomaa. Mkulima naye hujenga dungu shambani akalala humo ili awafukuze. Simba akifika kumtafuta nguruwe humkuta mtu ndani ya kibanda cha nyasi. Aliyeuawa mara nyingi alikuwa mtu aliyekuwa akilinda chakula cha watoto wake. Huko Rufiji, simba aliyepigwa risasi na askari wa wanyamapori mwezi Aprili 2004, baada ya kula watu wengi, alikutwa na jipu kubwa kwenye jino. Watu walizungumzia sana jino lile. Nguruwe hawakuzungumziwa sana, ingawaje kupunguza nguruwe ndiko kungewarudisha watu nyumbani kulala vitandani mwao. Hapo ndipo Afisa Kilimo na Bwana Nyama wangepaswa kukaa kwenye benchi moja, maana nguruwe ni jambo la wote wawili. Na mara nyingi kila mmoja amedhani kwamba ni la mwenzake.

Kwa tembo hali ni hiyo hiyo. Kadiri ulinzi ulivyoimarika baada ya mwaka 2014, ndivyo malalamiko ya mashamba yalivyozidi, na Bungeni swali la tembo wa Liwale, wa Tunduru, wa Bunda limeulizwa tena na tena. Mbinu zipo: kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba, tochi kali, fataki. Zote hufanya kazi kwa muda, mpaka tembo azizoee, nazo zote huhitaji watu wakeshe kwa pamoja. Askari mmoja kwa vijiji kumi hawezi kukesha kwa niaba ya vijiji kumi. Anachoweza ni kufika mapema, kuwafundisha watu, na kurudi tena. Kule kurudi ndiko kunakokumbukwa.

Yakishaharibika mazao, ipo sheria. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yalichaguliwa kwa uangalifu, maana Serikali haikutaka kuita malipo hayo fidia. Kwa familia ya aliyeuawa kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi milioni 1. Kwa shamba hesabu ilikomea ekari 5. Mtu anaweza kubishana juu ya viwango, na Bunge limebishana. Lakini mwananchi aliyelima ekari 2 za mpunga hakasirishwi hasa na kiwango. Hukasirishwa na safari ya karatasi. Tembo amepita usiku. Asubuhi mtendaji wa kijiji yuko semina. Siku ya tatu fomu imejazwa, lakini Afisa Kilimo wa kukadiria hasara hana pikipiki. Wiki ya pili mvua imenyesha, nyayo zimefutika, na anayekuja kuthibitisha anauliza kama kweli alikuwa tembo. Fomu hupanda wilayani, hupanda wizarani, na mwenye shamba huanza msimu mwingine, pengine na wa tatu, bila kujua imefika wapi. Katika safari yote hiyo hakuna mtumishi hata mmoja aliyefanya ubaya. Kila mmoja aliiweka fomu pembeni siku mbili tatu. Mwisho wake ni mwananchi anayesema, na husemwa hadharani kwenye mikutano, kwamba Serikali inampenda tembo kuliko mtu.

Upande wa pili wa karatasi ni mahakamani. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mtu anayekutwa na nyara za Serikali zenye thamani kubwa aweza kufungwa miaka 20 hadi 30. Na kwa kuwa thamani huhesabiwa kwa mnyama mzima, vipande vya nyama ya nyumbu vimewapeleka watu gerezani miaka 20. Adhabu ya namna hiyo yataka uangalifu wa namna hiyo. Mahakama ya Rufani imewaachia huru washtakiwa katika mashauri kadhaa kwa sababu nyama ya kielelezo iliteketezwa bila mshtakiwa kupelekwa mbele ya hakimu akasikilizwa kwanza. Askari aliyelala porini usiku tisa ili amkamate mtu yule humwona akitoka lango la mahakama akitabasamu, naye huona kwamba mahakama imemsaliti. Mahakama haikumsaliti. Kuna mtu aliyeijaza orodha ile ofisini kwa haraka, akaipeleka kutiwa sahihi huku mshtakiwa yuko mahabusu. Na yawezekana pia kwamba katika mashauri hayo mmoja au wawili walikuwa watu wasio na hatia. Hakimu hana njia ya kuwatofautisha isipokuwa karatasi hiyo hiyo.

Walimu nao wanahusika, na si kwa sababu ya nyimbo za mazingira peke yake. Vilabu vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980 ili wanafunzi wawajue wanyama wa nchi yao, kwa kuwa watoto wengi wa Tanzania hufika utu uzima bila kuingia hifadhi hata moja, wakati mtoto wa mtalii ameziona tatu kwa wiki. Ni kazi njema. Lakini mwalimu katika shule iliyo kando ya pori ana mambo mengine ya kumkabili. Anajua mwanafunzi gani hakuja kwa sababu alikesha shambani akipiga debe. Anajua njia ipi watoto wasipite kabla jua halijachomoza. Anaulizwa na mtoto wa darasa la tano kwa nini tembo aliyekula mahindi ya mama yake asiuawe, na jibu la kitabuni kuhusu fedha za kigeni halimfikii mtoto huyo. Jibu la kweli ni refu zaidi, na sehemu yake ni kukiri kwamba mama yake alistahili kulipwa mapema. Mwalimu akikiri hivyo hamdhuru Bwana Nyama. Anamwandalia mtoto ambaye kesho atakuwa tayari kumwambia jambo.

Tena katika vijiji vingi mwalimu ndiye anayeombwa kuandika barua ya malalamiko. Aandike tarehe, aandike ukubwa wa shamba kwa hatua, aandike nyayo zilielekea upande gani na nani aliziona. Barua yenye maneno makali juu ya uonevu hupokelewa ikawekwa kwenye jalada. Yenye vipimo humlazimu mtu kutoka ofisini.

Limebaki jambo moja la maofisa wa halmashauri, nalo ni dogo kiasi kwamba huenda ndiyo maana halishughulikiwi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Katika wilaya za kusini mahindi na mpunga hukomaa kati ya Aprili na Juni, na ndiyo miezi ambayo tembo, nguruwe na nyani huhamia mashambani, na simba nyuma ya nguruwe. Ndiyo pia robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, wakati fungu la mafuta limekwisha na gari la wanyamapori limeegeshwa chini ya mwembe wa ofisi. Fedha mpya hufika wakati mazao yameshavunwa au yameshaliwa, na askari hupelekwa doria katika mashamba ya mabua. Kulipanga upya fungu hilo, lita chache zikafungiwa kwa ajili ya Aprili na zisiguswe hata kwa ziara ya mkubwa, hakuhitaji sheria mpya wala mfadhili. Kunahitaji mweka hazina, Afisa Kilimo na Afisa Wanyamapori wakutane mara moja kabla makisio hayajapelekwa kwenye baraza la madiwani, na Bwana Nyama apewe nafasi ya kusema kwanza.